Nyuma ya Friji

Filamu ilikuwa ya watoto, Ijumaa, baada ya wali,
mapazia yameshushwa kulizuia jua la Ibra,
kiyoyozi kikikoroma kumshinda baba mwenye nyumba.
Nilikaa zuliani, chini ya makochi,
namenya machungwa, natazama kwa pembe ya jicho.

Watu wa kimo cha njiti ya kiberiti
wanaishi chini ya vigae vya nyumba ya watu.
Baba anashuka kwa uzi wa cherehani,
mama anapika supu ndani ya kifuniko cha soda,
na wote wanasema Kiarabu cha vitabuni
ambacho humu ndani hakisemwi na yeyote.
Sheria yao ni moja: penye kimoja usiguse,
penye vingi chukua kimoja, na nyayo ufute.

Wijdan akanigeukia. Miaka sita, pengo mbele.
"Siwatu, na hapa kwetu wapo?"
Nikasema wapo.
Mdomo ulitangulia, mimi nikafuata.

Usiku ule akaweka nyuma ya friji
tende moja, pini ya ushungi, maji kwenye kifuniko.
Na alfajiri mwenye ufagio ni mimi.
Tende nikaila. Maji nikayamwagia mrehani.
Pini ninayo hadi leo.
Kisha nikachovya njiti kwenye unga,
nikachapa nyayo hadi kwenye ufa wa kigae,
na pale mwishoni nikakosea:
mguu wa kushoto mara mbili.
"Mmoja wao anachechemea!" akatangaza kwenye chai.
Basi ikabidi achechemee kila siku.

Mwezi mzima nikawa na kazi mbili:
mchana nyumba ya vyumba tisa,
alfajiri kaya ya watu wanne wasiokuwepo.
Nilikula lozi, biskuti,
halua iliyonata uzi wa zulia,
na mara moja jibini, nisiyoipenda,
lakini mgeni hachagui.
Nikawashonea shuka kwa kisigino cha soksi,
nikaiacha pale kama iliyosahauliwa.
Mama mwenye nyumba akalalamika sisimizi.
Nikasema, nitaangalia, mama.

Bibi Ghaniya pekee ndiye aliyenitazama mara mbili,
Bibi aliyezaliwa Mkoani,
na Kiswahili hakijamtoka kwenye fizi.
"Siwatu. Jina hilo ulipewa na nani?"
"Na nyanya, Bibi. Mawifi walimsema mama
mimba nzima, nikitoka nikitazama jua
akawajibu kwa jina langu."
Akacheka, akashika ubavu, akakohoa.
"Na huko nyuma ya friji," akauliza,
"nako si watu?"

Sikujibu. Nilikuwa na vyombo.

Alhamisi nikaamka, nikavuta friji,
nikakuta sahani. Ya ukubwa wetu.
Imefunikwa kwa kawa ndogo ya Bibi.
Wali, paja zima la kuku, kijiko,
na pilipili pembeni, mbichi, kama nipendavyo
na kama asivyopenda mwingine yeyote nyumba hii.
Chini yake karatasi, penseli ya mtoto:
hee iliyovimba tumbo, wau, dali,
yee yenye mkia hadi ukingoni.
Nikaisoma kama Kiarabu, haikuwa na maana.
Nikaitamka.
Hodi.

Chumba changu kiko kando ya mashine ya kufulia.
Mlango wake hufunguliwa tu,
mtu akitafuta sabuni.

Nikageuza ndoo, nikaketi.
Sahani ilikuwa moja, na sheria naijua.
Nikala. Taa nikaiacha iwake.
Nikala hadi mfupa, nikaulamba,
nikaosha, nikasimama pale na mikono inayodondoka.

Asubuhi ile sikugusa unga.
Zilikuwepo nyayo za maji tu, pana,
kutoka friji hadi sinki:
kushoto, kulia,
kushoto.